Kilo za pamba zikae ghala gani?

SWALI: Natengeneza programu ya kurekodi mizani ya pamba ya AMCOS yetu hapa Bariadi. Nitumie SQLite au Redis?

JIBU: Usijifunge mapema. Tumia maktaba kama Keyv, inayokaa kati ya programu na ghala la data: programu yako inajua amri chache tu, yaani weka, soma na futa. Namba ya stakabadhi iwe ufunguo, si jina la mkulima, maana huuza mara nyingi. Anza na SQLite: ni faili moja, haihitaji intaneti. Vituo vikiongezeka, hamia PostgreSQL kwa kubadili mistari michache. Data ya zamani uihamishe mwenyewe. Redis hutegemea RAM: umeme ukikatika, kilo za mwisho zaweza kupotea. Na usipoitajia Keyv ghala, kila kitu hukaa kwenye RAM, ukizima, kwisha.