Chokoleti Zenye Kahawa Ndani: Namna ya Kuzichagua na Kuzila

Kakao ni chungu, na kahawa ni chungu. Ndiyo maana chokoleti iliyojazwa kahawa ni mtihani kwa fundi wake: asipokuwa mwangalifu, uchungu humshinda, naye huuzima kwa sukari. Anayependa chokoleti ana kipimo kimoja cha kumtosha: utamu ukishapita mdomoni, je, kahawa bado ipo? Ikiwepo, umenunua chokoleti ya kahawa. Isipokuwepo, umenunua sukari ya rangi ya kahawia.

Geuza boksi kabla ya kulipa

Viambato huorodheshwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Sukari ikiwa ya kwanza usishtuke, maana ndivyo zilivyo nyingi za aina hii. Tazama kinachoifuata. Siagi ya kakao na krimu ni dalili njema; mafuta ya mawese yakizitangulia, tarajia utelezi wa mafuta kwenye ulimi. Kisha tafuta kahawa yenyewe, iwe ya unga au dondoo. Palipoandikwa “ladha” peke yake, kahawa halisi huenda haimo kabisa.

Usomaji huu una maana kubwa, kwa sababu sheria ya Umoja wa Ulaya hudai chokoleti iliyojazwa iwe na angalau asilimia 25 ya chokoleti kwa uzito. Robo tatu iliyobaki inaweza kuwa kijazo, na hicho ndicho unachokilipia zaidi.

Kwa asiyekunywa pombe, hapa ndipo pa kuwa macho. Baadhi ya chokoleti za kahawa hutiwa likeri, na picha ya kikombe juu ya boksi haikuambii hilo.

Jua kilichomo ndani

Tangu Jean Neuhaus alipotengeneza chokoleti yenye ganda na kijazo mjini Brussels mwaka 1912, mafundi wamejaza kila namna ya kitu. Kwa kahawa, utakutana hasa na aina tatu.

Ganashi ni chokoleti iliyochanganywa na krimu ya maziwa. Fundi hodari huloweka kahawa ndani ya krimu ya moto, akaichuja, ndipo akachanganya. Ni laini na ina harufu nzuri, lakini haikai sana; isiyo na vihifadhi uile ndani ya wiki chache.

Krimu ya sukari hukaa muda mrefu na bei yake ni nafuu. Ndiyo tamu kuliko zote, na ndiyo inayofeli kipimo chetu mara nyingi.

Kahawa ya maji ni kama ile ya Pocket Coffee, iliyotolewa na kampuni ya Ferrero ya Italia mwaka 1968, yenye espresso ndani. Hii usiing’ate nusu, itakuchafulia shati. Itie mdomoni nzima, funga midomo, ndipo uipasue.

Joto ni adui

Siagi ya kakao huyeyuka karibu nyuzi 34, chini kidogo ya joto la mwili, na ndiyo sababu chokoleti huyeyukia ulimini. Pocket Coffee yenyewe huondolewa madukani Italia wakati wa kiangazi. Kwa mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa, basi, friji haiepukiki. Weka boksi ndani ya chombo chenye mfuniko unaobana, mbali na vitunguu na samaki, maana chokoleti hunyonya harufu. Ukiitoa, usifunue mara moja. Iache ipoteze ukali wa baridi kwa nusu saa, la sivyo itatoka jasho na sukari yake itaganda juu kama vumbi. Weupe huo si ukungu wa kuoza. Chokoleti bado inalika, ila ulaini wake umepungua.

Namna ya kuonja

Anza na yenye maziwa, maliza na nyeusi. Ukianza na nyeusi, ya maziwa haitakuwa na la kusema. Nusa kwanza. Isipokuwa ile ya kahawa ya maji, ng’ata nusu, uiache iyeyuke bila kutafuna, kisha utazame kijazo kwenye nusu iliyobaki. Meza, nyamaza kidogo, upime kinachosalia. Kabla ya nyingine, sukutua kwa maji ya uvuguvugu, kwani ya baridi hugandisha mafuta ulimini.

Usinywe kahawa pamoja nazo. Pwani tumezoea kung’ata kashata kisha kushushia kahawa chungu. Hapa mambo hayo mawili yamo ndani ya tonge moja, na kikombe kitaifunika ile kahawa unayoitafuta.

Kama bado hujui utapenda ipi, usinunue boksi zima. Chukua kipande cha chokoleti nyeusi tupu pamoja na punje moja ya kahawa iliyokaangwa, uvitafune pamoja. Ukivifurahia, nunua ganashi nyeusi. Ukikunja uso, nunua ya maziwa. Na zote uzile mchana: kafeini ni kafeini hata ikivishwa chokoleti.