Kiambishi hu- cha Mazoea

Tuchunguze sentensi za mwanafunzi wa Juba asomaye Kampala:

(a) Mimi huamka alfajiri, kisha huenda chuoni.
(b) Likizo ikifika, sisi huvuka mpaka pale Nimule.
(c) Tarehe 9 Julai mwaka jana nilisherehekea Siku ya Uhuru nyumbani.

Katika (a) na (b), hu- huonyesha mazoea. Haipokei kiambishi cha nafsi, na katika ukanushi hutoweka: *Mimi siamki alfajiri.* Katika (c) tendo lilitukia mara moja, ndiyo maana tunatumia -li-.

Tahadhari: *Wewe huenda nyumbani* ni mazoea, *Wewe huendi nyumbani* ni ukanushi. Irabu moja tu humtenga arudiye likizo na asiyerudi; tuwazoeze wanafunzi kuisikia kabla ya kuiandika.

Zoezi: Kanusha sentensi (b), kisha ueleze mabadiliko ya kitenzi.