Madoa meusi mguuni yasiyowasha

SWALI: Daktari, kijana wangu ana miaka 34. Alikuwa akichuma chai katika shamba moja kubwa huko Kericho hadi mashine zilipoletwa akakosa kazi, akarudi nyumbani. Sasa ana madoa meusi mguuni, hayawashi wala hayaumi, na mguu umeanza kuvimba. Kwenye zahanati wametuambia huenda ni saratani ya Kaposi. Majirani wanasema ni dawa ya magugu aliyokuwa akinyunyiza. Ni kweli? Na sisi tunaokaa naye tutaambukizwa?
Mama, Sotik, Bomet

JIBU: Pole sana, mama. Dawa ya magugu haimo katika sababu zinazojulikana za Kaposi. Saratani hii hutokana na virusi vya HHV-8, vilivyogunduliwa mwaka 1994. Huku Afrika Mashariki vimeenea sana. Hupitia zaidi kwenye mate, na wengi wetu huvipata tungali watoto, humo humo nyumbani. Walio navyo wengi hawaugui kamwe. Saratani yenyewe haiambukizi, kwa hiyo kuleni naye, laleni naye chumba kimoja, msimtenge.

Virusi hivyo huleta madhara kinga ya mwili inaposhuka, na kinachoishusha zaidi kwetu ni VVU. Hatari hupanda sana seli za kinga ziitwazo CD4 zikiwa chini ya 200, ingawa wapo wanaougua zikiwa juu ya hapo. Wanaume huugua zaidi kuliko wanawake. Waliopandikizwa figo nao wamo hatarini, kwa sababu dawa zao hupunguza kinga makusudi.

Hukunieleza kama kijana amewahi kupimwa VVU, na si lazima unieleze. Ila apimwe wiki hii. Kama alikuwa akitumia ARV, dawa za VVU, kule shambani, hapo ndipo hofu yangu ilipo. Anayefutwa kazi kwenye chai hupoteza pia nyumba ya kampuni na zahanati aliyoizoea. Akirudi kijijini anaona haya kupanga foleni ya CCC, kliniki ya VVU, mbele ya watu wanaomjua tangu utotoni. Chupa ya dawa inaisha, miezi inapita, VVU vinapanda tena. Barua ya uhamisho ingemsaidia, lakini hata bila barua aende. ARV hutolewa bure katika hospitali za serikali, na akiona haya Sotik, aende Kapkatet au Longisa.

Kuna hatari nyingine isiyosemwa vya kutosha: prednisolone. Baridi yetu huleta vifua na pumu, na watu huinunua dukani bila kuandikiwa, kwa kikohozi au hata kwa mwasho wa ngozi. Dawa hiyo hushusha kinga, na kwa mwenye Kaposi inaweza kuufanya ugonjwa usambae kwa kasi. Mwambie asiiguse dukani. Kama aliandikiwa na daktari, asiikatize ghafla. Amweleze daktari huyo kuhusu madoa.

Hospitalini watakata kipande kidogo cha ngozi kipimwe maabara, maana kwa macho tu mtu hukosea. Watatazama pia kaakaa, kwa kuwa Kaposi hupenda kujificha mdomoni. Akianza kukohoa damu, kukosa pumzi au kupata choo cheusi, msingoje tarehe ya kliniki. Huenda imefika mapafuni au tumboni.

Inatibika, mama. Kwa mwenye VVU, madoa machache mara nyingi hupungua kwa ARV peke yake. Yakiwa mengi, au mguu ukivimba kama ulivyoeleza, huongezewa dawa za saratani kwa dripu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, ambao wagonjwa na madaktari wa Kericho na Eldoret walishiriki, ulionyesha kuwa paclitaxel pamoja na ARV hufanya kazi vizuri kuliko matibabu mengine mawili yaliyolinganishwa nayo. Wiki za kwanza za ARV madoa yanaweza hata kuongezeka kinga inapoamka. Hilo huwatisha wengi wakaacha dawa. Asiache, arudi kliniki wamwangalie.

Mkienda, tieni kwenye mfuko kila dawa aliyonayo, pamoja na za dukani na za mitishamba, mumwonyeshe daktari zote.