Maziwa ya Ng'ombe Aliyechomwa Sindano

Swali: Ng'ombe akitibiwa ugonjwa wa kiwele, maziwa yake yarudi sokoni lini?

Jibu: Muda wa kusubiri huandikwa kwenye lebo ya dawa, na kila dawa ina wake. Oksitetrasaiklini ya kudumu mwilini mara nyingi hutaka takriban siku 7 kwa maziwa na 28 kwa nyama. Hesabu huanzia dozi ya mwisho, si ya kwanza. Kosa la kuanzia ya kwanza ni rahisi mno kulifanya. Hata chuchu moja tu ikitibiwa, maziwa ya zote nne hutengwa, kwa kuwa dawa husambaa kwa damu.

Kuchemsha hakuondoi mabaki yote. Penisilini huweza kumdhuru mwenye mzio, na mabaki hulea vijidudu sugu. Mabaki hayo huua pia bakteria wanaogandisha mtindi, hasara kubwa kwa viwanda kama Asas cha Iringa. Rungwe, ambako maziwa ya wafugaji wadogo wengi huchanganywa kituoni, ng'ombe mmoja huweza kuharibu tangi zima. Ng'ombe huyo akamuliwe mwisho, na tarehe ya sindano iandikwe. Daktari wa mifugo akiongeza dozi kupita lebo, muda nao hurefushwa.