Mashua bapa isikudanganye

Ukipanda mashua ya chini bapa pale Naivasha, mwanzoni utaiona imetulia kama meza. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Chombo cha aina hii hukataa kuinama kidogo, lakini kikizidi kuinama hupinduka ghafla.

Sababu ni uzito. Wawili mkisimama upande mmoja kuvuta wavu, ubavu huo huzama na maji huingia. Maji hayo nayo hukimbilia kule kule kulikoinama, yakaongeza mzigo. Kwa hiyo vuta wavu ukiwa umepiga magoti, mwenzako akiketi upande wa pili, na kopo la kuchotea maji lisikosekane. Upepo wa ziwa hili huzidi alasiri. Maliza kazi mapema. Viboko wapishe mbali.

Jaketi la kujiokoa livaliwe ufuoni (wako wanaolikalia kama mto!). Mkipinduka, shikilieni mashua. Nchi kavu huonekana karibu kuliko ilivyo, na baridi ya maji hulegeza misuli ya muogeleaji hodari.

Aliyeopolewa akiwa hapumui msimning'inize miguu juu wala kumkamua tumbo. Mtapoteza dakika, na huenda akatapika na kupaliwa. Mlaze chali, inua kidevu chake, mzibe pua, umpulizie mdomoni pumzi 5. Asipozinduka, msukume kifua kwa nguvu mara 30, kisha pumzi 2, ukirudia bila kuchoka huku wengine wakitafuta gari. Hata akizinduka, apelekwe hospitali: maji yaliyoingia mapafuni yaweza kumletea shida ya kupumua saa kadhaa baadaye.