Upepo, Ziwa na Ndagala wa Rumonge

Somo la leo linahusu jinsi hewa na maji yanavyobeba joto na unyevu. Mfano wetu uko ufukweni Rumonge.

Joto husafiri kwa njia tatu: mpitisho, mnururisho na msafara. Katika msafara, hewa au maji yenyewe huondoka na joto lake. Mchana, nchi kavu hupata joto haraka kuliko ziwa. Hewa yake hutanuka, huwa nyepesi na kupanda. Hewa ya ziwani huingia kushika nafasi yake. Usiku nchi kavu hupoa upesi, na upepo hugeuka kuelekea ziwani.

Sasa tuwatazame ndagala, yaani dagaa wetu. Hawakaushwi na jua peke yake. Jua hugeuza maji kuwa mvuke, lakini mvuke ukibaki umemzunguka samaki, ukaukaji hupungua. Upepo huuondoa na kuleta hewa kavu zaidi. Ndagala walioanikwa mchangani hupata hewa upande wa juu tu. Walioanikwa kwenye kichanja cha wavu huipata juu na chini, hukauka mapema na hawaozi ovyo. Ndiyo maana FAO ilihimiza vichanja hivyo katika mwambao wa Burundi.

Upepo una kazi nyingine kubwa. Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470. Maji ya juu, yenye joto, ni mepesi na hukaa kama kifuniko. Rutuba hubaki chini. Kuanzia Mei hadi Septemba, pepo za kusini-mashariki husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kule kusini maji baridi hupanda na rutuba yake. Rutuba hulisha mwani, mwani hulisha vidudu, vidudu huliwa na ndagala.

Mwaka 2003, Catherine O'Reilly na wenzake walionyesha katika jarida la Nature kwamba ziwa limepata joto na maji yake yanachanganyika kidogo kuliko zamani. Kifuniko kikizidi kuwa kizito kufunguka, chakula cha samaki hupungua, na kichanja kizuri hakitamfaa mvuvi aliyerudi mtupu.

Suratur-Rum, aya ya 48, inataja pepo, mawingu na mvua. Tuisome kwa mazingatio.

Zoezi: lowanisha vipande viwili sawa vya kanga. Vitundike vyote kivulini, kimoja penye upepo, kingine pasipo na upepo. Kipi kitakauka kwanza, na kwa nini?