SOMO LA BIBLIA: SHAMBA LA NABOTHI

Someni: 1 Wafalme 21:1-19. Someni pia: Walawi 25:23-28 na Mika 2:1-2.



Habari ya Nabothi na mfalme Ahabu tunaijua tangu Shule ya Jumapili. Lakini mara nyingi tunaisoma kama habari ya mfalme mwenye tamaa na mke mbaya, kisha tunafunga kitabu. Mwezi huu tuisome polepole, maana ni habari ya ardhi, na ya watu wanaoondolewa katika ardhi yao.

1. Kwa nini Nabothi alikataa?

Ahabu hakuanza kwa ukali. Alitaka shamba lililokuwa karibu na nyumba yake alifanye bustani ya mboga, naye aliahidi kumpa Nabothi shamba lililo bora zaidi, au fedha (mst. 2). Watu wengi wangesema hiyo ni fidia nzuri. Nabothi alikataa kwa sababu shamba lile lilikuwa urithi wa baba zake. Katika Torati, ardhi ni mali ya Mungu, na watu ni wageni na wapangaji wake (Walawi 25:23). Mwenye shamba amelipokea kwa wazee wake ili awaachie watoto wake. Basi Nabothi hakuwa mkaidi. Alikuwa anamtii Mungu.

2. Wizi wenye muhuri

Angalieni jinsi Yezebeli alivyofanya. Hakutuma wezi usiku. Aliandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri, akazipeleka kwa wazee wa mji. Ikatangazwa saumu, baraza likakutana, mashahidi wawili wakasimama, maana Torati inataka mashahidi wawili. Kila kitu kilikuwa na sura ya sheria. Hivyo ndivyo wenye nguvu wanavyochukua ardhi ya wanyonge: kwa karatasi, kwa mkutano, kwa sahihi.

3. Mfano wa Sophiatown

Kanisa letu lina mfano wa jambo hili huko Afrika ya Kusini. Mwaka 1913 sheria ilipitishwa iliyowazuia Waafrika kununua ardhi nje ya maeneo waliyotengewa. Maeneo hayo yalikuwa kama asilimia 7 tu ya nchi yote, na sheria ya mwaka 1936 iliyaongeza hadi kufikia kama asilimia 13, ingawa Waafrika ndio waliokuwa wengi.

Katika mji wa Johannesburg kulikuwa na mtaa mmoja, Sophiatown, ambako Waafrika waliwahi kununua viwanja na kuwa na hati zao wenyewe. Hapo lilijengwa Kanisa la Kristo Mfalme, na kuanzia mwaka 1943 Padre Trevor Huddleston alihudumu huko. Baada ya serikali ya Makaburu kuingia madarakani mwaka 1948, iliona kwamba Waafrika wenye hati karibu na mitaa ya wazungu ni jambo lisilovumilika. Sheria mpya ikatungwa mwaka 1954. Tarehe 9 Februari 1955, asubuhi, askari wapatao 2,000 wakaingia pamoja na malori, na watu wakaanza kuhamishiwa Meadowlands. Kazi hiyo iliendelea kwa miaka kadhaa, hata watu wapatao 60,000 wakaondolewa, nyumba zikabomolewa, na mahali pale pakajengwa mtaa wa wazungu uitwao Triomf, maana yake Ushindi.

Serikali ilisema kwamba inawaondoa watu katika mabanda machafu na kuwapa nyumba bora. Kumbukeni maneno ya Ahabu: shamba lililo bora zaidi. Kweli Sophiatown palikuwa na msongamano na shida nyingi. Lakini huko Meadowlands mwenye hati akawa mpangaji wa serikali, na majirani walioishi pamoja miaka mingi wakatengwa kwa makabila yao.

Padre Huddleston alisema wazi kwamba huo ni udhalimu. Shirika lake lilimrudisha Uingereza, na mwaka 1956 akatoa kitabu kilichoufahamisha ulimwengu habari hizo. Kisha alikuja kwetu: alikuwa Askofu wa Masasi tangu mwaka 1960 hadi 1968. Alifariki mwaka 1998, na majivu yake yamezikwa penye kanisa lile la Kristo Mfalme. Kanisa lenyewe lilikuwa limetoka mikononi mwa Waanglikana kwa miaka mingi, likarudi mwaka 1997. Mwaka 2006 mtaa ule ulirudishiwa jina la Sophiatown.

Tena, mwaka 1994 sheria ilipitishwa huko ya kuwawezesha walionyang'anywa ardhi tangu mwaka 1913 kudai haki zao. Lakini mtu aliyebomolewa nyumba akiwa kijana, akaitwa kudai akiwa mzee, hawezi kurudishiwa miaka yake. Ndiyo sababu inafaa kusema mapema, kabla malori hayajafika.

4. Wazee wa mji

Sasa turudi katika mstari wa 11. Wazee wa mji wa Nabothi walifanya kama walivyoandikiwa. Walimjua Nabothi, walikuwa jirani zake. Yezebeli alikuwa mbali. Kama wazee wangekataa, barua ingebaki karatasi tu. Mika anawaonya wanaotamani mashamba na kuyatwaa, lakini mashamba hayatwaliwi bila watu wa kuweka sahihi, na wengine wa kunyamaza.

Hapa somo linaingia nyumbani mwetu. Katika Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema kwamba Halmashauri ya Kijiji inaisimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Mwanakijiji anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Na mtu ambaye ardhi yake inatwaliwa kwa manufaa ya umma anastahili fidia kamili, ya haki, na kwa wakati. Sheria ni njema, lakini hailindi watu wasioijua.

Tena wako akina Ahabu wadogo. Mume anazikwa leo, na kabla ya arobaini ndugu zake wamekwisha kumwambia mjane afunge mizigo arudi kwao. Mpaka wa shamba la yatima unasogezwa hatua moja kila msimu wa kulima. Mara nyingi wanaotenda hivyo, na wanaotazama, tunakutana nao penye meza ya Bwana. Mungu alimtuma Eliya akamkute Ahabu ndani ya shamba lenyewe (mst. 18). Maana yake Mungu alikuwa ameiona barua, muhuri na mashahidi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, kuna hasara ambayo fidia ya fedha haiwezi kuilipa? Itajeni.
2. Wazee wa mji wangeweza kufanya nini walipopokea barua ile?
3. Je, wajane wa mtaa wetu wanazo hati, au mashahidi wa mipaka yao? Nani atawasaidia?
4. Wanaokuja kwetu wakiwa wamefukuzwa kwao, tunawapokeaje?

SALA

Ee Mungu, mwenye nchi na vyote viijazavyo, utupe moyo wa Nabothi wa kuushika urithi, na kinywa cha Eliya cha kusema kweli. Utulinde tusitie sahihi uovu, wala tusiunyamazie. Uwakumbuke wote walioondolewa makwao, kwa Yesu Kristo Bwana wetu, ambaye naye alichukuliwa mkimbizi mpaka Misri. Amina.